Chiriku Amepata Mlango Wake

Juu ya duka la dobi,
ghorofa ya kwanza, mlango wa kushoto.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi. Kabla ya yote, hujambo? Mgongo umepona, au bado unabeba makasha kama kijana wa miaka ishirini? Usingizi unaupata? Unakula chakula cha moto, au unaishia kwenye mkate mkavu umesimama? Nijibu yote, maana nakujua wewe kwa kuruka maswali.

Sisi huku hatujambo. Presha yangu imeshuka. Daktari aliniambia nipunguze chumvi na hasira, chumvi nimepunguza. Mashine kubwa ya kufulia ilitugomea kwa muda, sasa imerudi kazini, na wasichana wangu wa pasi wanachapa kazi vizuri ingawa wananichomea kola mara moja moja.

Sasa kaa kitako. Nina habari, na nimeibana kifuani tangu jana mpaka inaniwasha. Binti yako amehama. Chiriku wetu ana nyumba yake, chumba na sebule, choo ndani, na mlango anaoufunga na kuufungua mwenyewe. Nimefurahi kana kwamba nimehama mimi.

Kisa kilianza mezani kwa Spika. Chiriku, kama unavyojua, anakata karatasi kwenye kile kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ambayo wenzake wanaikaribia wameziba masikio na yeye anaitazama tu kwa raha zake. Ni mwaka wa nne sasa, na juzi wamempa zamu aisimamie. Basi akaweka kijiko chini, akatuambia kwa mikono kwamba ana miaka ishirini na minne, ana mshahara, ameona nyumba karibu na kazini, na mwanzoni mwa mwezi ujao anahama. Hakuomba, alitoa taarifa.

Spika alifurika kama maziwa jikoni. Kaka yetu mkubwa hakupewa jina hilo bure, unamfahamu. Ukimwuliza mkewe kama anaona baridi, anayejibu ni yeye. Lakini haki yake tumpe. Mama wa mtoto alipotutoka na wewe ukalazimika kwenda kutafuta riziki, ni yeye aliyemchukua. Na katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyekwenda kukaa darasani na watoto wadogo, magoti yamemfika kidevuni, ajifunze lugha ya alama kama inavyotakiwa. Sisi wengine tunababaisha. Mimi nikiongea na Chiriku, ananivumilia kama mtu anayemsubiri kinyonga avuke barabara.

Hofu za Spika zilikuwa nyingi. Mwizi akivunja dirisha, nani atasikia? Sufuria ikiungua? Na watu watasemaje, msichana hajaolewa anakaa peke yake? Akamalizia na methali ya wazee, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shemeji yako, mkewe Spika, akatazama dari. Chiriku akaomba arudiwe, akarudiwa, akacheka mpaka akafuta machozi. Akatujibu kwamba yeye hajasikia la mkuu yeyote tangu azaliwe na miguu yake yote miwili ipo, anayetaka aje aihesabu.

Wiki ile dukani kwangu hapakufuliwa nguo, palifuliwa hoja. Dereva wa lori, yule anayeleta mashati yenye grisi, alisema mwanamke kukaa peke yake ni kujitafutia maneno. Mwalimu wa sekondari akasema sheria iko wazi, mtu mzima ni mtu mzima. Dereva akasema sheria haijui uchungu wa kuzaa. Nikamwuliza yeye huo uchungu aliupatia barabara gani. Hakuja tena mpaka Ijumaa.

Maoni yangu unayajua, lakini nitayasema tena kwa sababu karatasi ni yangu. Mimi sisemi kila kinachoitwa haki ni haki. Kijana wa hapa juu yangu anapiga muziki mpaka vikombe vinatembea kabatini, na nikimgombeza ananiambia ni haki yake. Haki yake ikishuka ngazi ikaingia chumbani kwangu bila hodi, hiyo ni kero. Lakini mtu mzima kutaka kulala kwake, kupika anachotaka, kukaa anavyotaka ndani ya kuta anazozilipia mwenyewe, inamwuma nani? Mlezi ana haki ya kuogopa. Ana haki ya kushauri mpaka koo likauke. Haki ya kumkatalia mtu mzima maisha yake, hiyo sijui aliipata wapi. Watoto wawili wa Spika walihama wakiwa wadogo kuliko Chiriku, na hakuna aliyeitishiwa kikao. Wao wanasikia, basi. Hapo ndipo ninapopandwa na ile hasira niliyoambiwa niipunguze.

Kwa sababu kikao kiliitishwa, bwana. Spika alimwalika mama mwenye nyumba aje anywe chai, eti tufahamiane. Mpango wake, nilikuja kuujua baadaye kwa shemeji yako, ulikuwa yule mama amwone binti mwenyewe anasitasita, ajitoe kwa heshima, na nyumba apewe mwingine. Akaja mama mmoja mnene, mpole, mshonaji wa mapazia, mkoba mapajani. Akakaribishwa, akakaa, akanyamaza, maana nafasi ya kusema haikuwepo. Spika alizungumzia mvua, akazungumzia kodi, akazungumzia malezi, akafika kwenye usalama, akarudi kwenye malezi. Mgeni akawa anaitikia tu kwa kichwa.

Ndipo Spika akamgeukia Chiriku, mikono yake ikifuata maneno. "Haya mwanangu, usiogope. Mwambie mama, wewe mwenyewe unataka nini hasa?"

Chiriku akaanza. Mdogo wangu, mikono ile ilikimbia. Nilidaka neno mlango, nikadaka neno kazi, mengine yakanipita. Alisema kwa muda mrefu, uso umetulia, kisha akaishusha mikono mapajani. Spika akakohoa.

"Anasema anashukuru sana," akamwambia mgeni. "Anasema bado anafikiria. Ana wasiwasi kidogo, unajua tena wasichana. Wazee wakiamua, yeye ataridhika."

Yule mama akaweka kikombe mezani, akaweka mkoba chini, akainua mikono. Akaongea na Chiriku kwa alama, upesi, bila kubabaika hata kidogo, na Chiriku akamjibu, na wote wawili wakacheka. Sisi tumekaa kama picha ukutani. Halafu akamgeukia Spika kwa upole uleule aliokuja nao.

"Baba, marehemu mume wangu alikuwa hasikii," akasema. "Tumegombana na kupatana kwa mikono hii zaidi ya miaka thelathini. Huyu binti hakusema hayo."

Jasho likamtoka Spika. "Nilifupisha tu," akasema.

"Umefupisha mpaka umegeuza," akajibu shemeji yako, na hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akiimaliza mbele ya mumewe.

Kumbe Chiriku alijua kwamba yule mama anaongea kwa alama. Ndiyo maana aliichagua nyumba ile kati ya nyumba zote alizoziona, na ndiyo maana alikubali kikao upesi hivyo, wakati mimi nilidhani amekata tamaa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea.

Basi mgeni akatusomea upya, neno kwa neno. Binti alisema anampenda baba yake mkubwa na hamkimbii mtu. Alisema katika nyumba ile hajawahi kuwa na mlango. Kwa kuwa hasikii hodi, hakuna anayepiga hodi. Kila mtu anaingia tu. Anavaa, watu wanaingia. Analia, watu wanaingia. Anataka mlango ambao anayetaka kuingia itabidi asubiri mpaka yeye afungue.

Hilo hatukuwahi kulifikiria hata mmoja wetu, na tumeishi naye miaka yote hiyo. Shemeji yako alijishika mdomo. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Spika hakukubali upesi. Akauliza, safari hii kwa sauti ndogo na kwa mikono, "Na ukianguka usiku, utamwita nani?" Chiriku akamsogelea, akamjibu polepole sana mpaka hata mimi nikaelewa bila msaada. Alimwambia, "Baba mkubwa, kila mtu anaogopa nyumbani kwake. Niache na mimi nikaogope kwangu."

Huyo ndiye binti yako. Nilisimama nikapiga makofi, nikakumbuka hasikii, nikaipunga mikono hewani kama wafanyavyo wao. Yule mama akapunga, shemeji yako akapunga. Spika alibaki amekaa, lakini nilimwona vidole vyake vinacheza juu ya goti.

Jana tumemhamisha kwa gari la duka. Godoro alibeba Spika mwenyewe, kichwani, na asiguse mtu. Fundi umeme amefunga kengele ambayo ukiibonyeza, taa ya njano inawaka na kuzima sebuleni na chumbani. Simu inalala chini ya mto, inatetemeka akihitajika. Spika akaomba ufunguo wa akiba, akanyimwa. Akabishana, akanyimwa tena. Mwishowe akatoka nje, mlango ukafungwa, akabonyeza kengele, akasimama pale kofia mkononi kama mgeni mwingine yeyote. Chiriku alimwacha kidogo, nadhani makusudi, kisha akafungua akamkaribisha kwa heshima zote. Kaka yetu alifuta macho kwa ile kofia akasingizia vumbi, na nyumba nilikuwa nimeipangusa mimi kwa mikono yangu.

Linalofuata linakuhusu wewe. Watu walipoondoka, tulibaki wawili tunatundika mapazia, na Chiriku akaniuliza jambo. Kama baba mkubwa anafupisha maneno yangu, maneno ya baba je?

Nilishuka kwenye kiti, nikakaa. Wewe huandiki, mdogo wangu. Tangu uondoke, wewe ni mtu wa ujumbe wa sauti. Unatuma ukiwa kazini, unatuma ukiwa njiani, na sisi tunaufungua mezani, tunacheka, tunaurudia. Kisha Spika anamgeukia mtoto na kumwambia kwa mikono kwamba baba anakusalimu, baba yuko sawa, baba anasema ujitahidi. Dakika nzima za vituko vyako, na yeye anapata hivyo tu. Wote tuna akili zetu timamu na hakuna aliyejiuliza sauti ile inatumwa kwa nani.

Akanionyesha simu yake. Jumbe zako zote zimo, alimwomba shemeji yako amtumie, na hajafuta hata moja. Huzifungua akiwa peke yake na kutazama ile mistari midogo ya sauti, mirefu na mifupi. Pale inaporefuka sana, ameniambia, ameshaamua kwamba hapo baba anacheka. Anataka kujua kama ni kweli.

Kwa hiyo nimekuandikia kwa kalamu, kurasa zote hizi na vidole vyangu hivi vilivyozoea pasi, ili usinijibu kwa sauti. Ruhusa hakuombi, hiyo anayo tayari. Hela haombi. Anataka maneno yako yasiyopita kwa mtu. Andika vibaya, andika na makosa, andika hata kwenye kipande cha kasha, ila mwandikie yeye. Mikono unayo.

Shemeji yako anakusalimu na anauliza utarudi lini. Wasichana wa pasi wanakusalimu ingawa hawakujui. Spika anakusalimu, na maneno aliyonipa ni haya, sijapunguza wala kuongeza: "Mwambie mtoto wake amekua, na mimi sikujua ni lini."

Za Chiriku sikuandikii. Nilimwuliza nikuambie nini, akaninyang'anya kalamu, akaifunika, akanirudishia. Amesema atakuambia mwenyewe. Anwani yake iko nyuma ya bahasha, ameiandika kwa mkono wake.

Mungu akulinde huko kwa watu, auponye mgongo wako, na akupe jioni moja yenye utulivu na kalamu inayoandika.

Ni mimi dada yako, anayekupenda kuliko anavyokugombeza,

Dobi