Kengele ya Futari

Ndugu yangu Athumani,

Kengele haikufa yenyewe. Niliizima mimi, kwa mkono huu huu unaokuandikia. Miaka yote uliyoishi baada ya moto wa Changamwe nilikuacha uamini kwamba ni waya zako zilizoshindwa, na nikakuacha uingie kaburini na imani hiyo.

Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu, ningezunguka hadi karatasi iishe.

Sasa nikusalimu. Niko Mjambere, hapa Kisauni, katika chumba kile kile ulichokuwa ukinicheka kwamba kina vitabu vingi kuliko sufuria. Kifua kimenibana tangu masika. Kutoka kitandani hadi mlangoni imekuwa safari. Daktari hanielezi mengi, nami simuulizi. Naandika asubuhi, macho yakiwa bado yanakubali.

Juma lililopita Mbaraka wako alikuja kunitazama. Alinitolea shikamoo yake ndefu, ile uliyomfundisha, akaniwekea papai kando ya kitanda. Akaniambia wanajenga ghala jipya pale pale palipoungua. Litakuwa na paneli ya kengele ya moto, kubwa kuliko yetu, na yeye alikwenda kuomba kazi ya waya. Msimamizi akamuuliza ni mwana wa nani. Alipotaja jina lako, yule bwana akasema, "Wa fundi wa kengele bubu? Nenda zako ukasafishe kandili, kijana." Mbaraka alinisimulia akicheka, kama ulivyokuwa ukicheka wewe kitu kikikuuma. Hakuniomba lolote. Papai sijaweza kulila.

Unakumbuka tulivyoipanga ile paneli? Mimi karani na mchoraji wa ramani, nimesoma misheni, penseli sikioni. Wewe fundi wa umeme kutoka Jomvu Kuu, kofia yako ya kazi na kofia yako ya msikitini zote mfukoni. Tulizunguka jengo zima kabla ya kutoboa ukuta hata mmoja. Ghala la katani, ghala la kopra, karakana, ofisi: kila sehemu tukaipa waya yake, na kwenye paneli kila sehemu ikapata kidirisha chake. Darini tukafunga vifaa vya kushtuka kwa joto. Joto likizidi, kengele inalia, na nyuma ya kidirisha cha sehemu hiyo kinaanguka kibao chekundu, mtu ajue akimbilie wapi; kukirudisha juu ni kwa kidole.

Tajiri wetu alitaka paneli iwekwe mlangoni, wageni waione. Tulibishana naye nusu siku. Wewe ulisema, "Bwana, wageni hawatazima moto. Iweke mahali penye mtu aketiye kutwa." Mtu aketiye kutwa nilikuwa mimi. Ikawekwa ukutani, juu ya meza yangu, na swichi ya kunyamazisha nikakabidhiwa mimi. Tukaandika pamoja utaratibu wake, tukaubandika chini yake: kwanza tazama kibao, kisha tuma mtu, kisha ndipo unyamazishe.

Halafu Ramadhani ikaingia. Wapagazi wengi walikuwa wa kwenu, na kwa kelele za mashine na gari moshi adhana za Jomvu hazikuwafikia. Wewe ukanijia na chai yangu (ulikuwa umefunga, na chai ukaniletea, ndivyo ulivyokuwa) ukasema, "Karani, kengele hii lazima ijaribiwe kila siku, sivyo? Basi ijaribu magharibi, watu wafuturu." Nilicheka. Lakini niliona ni jambo jema, na hata sasa siwezi kusema lilikuwa baya. Tukalipanga kama tulivyopanga waya. Wewe unasimama nje langoni ukitazama jua. Likizama unavua kofia na kuiinua. Mimi nakuona kutoka dirishani, nabonyeza kitufe cha kujaribia.

Wallahi, kama mlivyozoea kusema, sijawahi kupendwa vile. Mimi mtoto wa misheni, nisiyefunga, ndiye niliyekuwa nikiwafungulia watu futari. Tende zikaanza kufika mezani kwangu. Kina mama wa uji kule nyuma ya ukuta wakawa wanaita, "Karani, usitusahau!" Wapagazi wakinipita asubuhi wananiita sheikh, na kucheka, nami nacheka nao. Nilirudi Kisauni kila jioni nikiwa nimenyooka mgongo.

Siku ile kengele ililia kabla ya wakati. Wewe ulikuwa langoni, kofia bado kichwani. Nje nikasikia kicheko, kisha sauti: "Karani! Jua lile pale, huoni? Wewe njaa yako ni ya nini?" Mwingine akajibu, "Mwacheni, mkewe leo kapika mahamri!" Halafu mama mmoja akapiga kelele, "Jamani msile! Msile! Si wakati!"

Sauti ile ndiyo iliyonipanda kichwani. Niliona watu wamekwisha tia tende mdomoni, saumu ya siku nzima imeharibika, na aliyeiharibu ni mimi, asiyefunga. Mabati yetu yalikuwa yakiwaka jua, na vifaa vya darini vilikuwa vimekwisha kutudanganya mara nyingine. Nikasema moyoni, ni joto tu. Nikainuka, nikageuza swichi bila kutazama paneli, kengele ikanyamaza. Nikachungulia dirishani, nikawapungia mkono: bado, bado. Wakanicheka. Wewe pia ulicheka.

Ghala la katani lilikuwa linaungua.

Moshi ulipotokea mlangoni tulikuwa tumekwisha kuchelewa. Wewe ndiye uliyekimbilia ule mlango wa chuma na kuuvuta kwa mikono mitupu, ukidhani kuna mtu ndani. Hapakuwa na mtu. Mikono yako haikurudi kuwa ile. Moto ukashika kopra, ukaja hadi ofisini, ukala meza yangu na paneli yake, na pamoja nayo kila alama ya nilichofanya.

Wachunguzi walipokuja kuuliza, kila mtu alisema kweli aliyoijua: kengele ililia kidogo ikafa. Wakanigeukia mimi niliyekaa chini yake. Wewe ulikuwa umeketi kwenye benchi, mikono imefungwa vitambaa, ukinitazama kwa matumaini, kwa kuwa ulijua nitaeleza vizuri. Nikasema, "Ilikatika yenyewe." Maneno mawili. Sikukutaja. Haikuwa lazima nikutaje.

Tangu hapo hakuna aliyekupa waya uishike. Ukakaa barazani kwako Jomvu ukitengeneza kandili na majiko ya mafuta ya taa kwa vidole visivyokunjika, na watoto wakipita wanasema, "Ngrrr... kimya!" Ukawa unacheka. Na kila nilipokuja kukuona, ukishanikaribisha kahawa, ulirudi pale pale: "Karani, nimefikiri. Huenda ni ile waya niliyopitisha nyuma ya betri. Waonaje?" Nami nikasema, labda. Safari nyingine ulisema huenda ni skrubu uliyoiacha bila kukaza. Nikasema, labda. Ulilipitia jengo lile lote kichwani mwako, chumba kwa chumba, ukitafuta kosa lisilokuwepo, na mimi nimeketi mbele yako na kosa lenyewe, nanywa kahawa yako.

Hata siku ulipozidiwa uliniambia, "Nisamehe, Karani. Nilikutia aibu kwa kazi mbaya." Nikakushika mkono. Watu waliokuwepo walisema, tazameni wanavyopendana. Na tulipokuzika walinipa kiti kivulini kwa kuwa mimi mzee, na kwa kuwa nilikuwa rafiki yako.

Jana nilimwita msimamizi wa lile ghala jipya, akaja na ramani yake, maana bado wapo wanaodhani nina la kufundisha. Nilimwonyesha mahali pa paneli. Nikamwambia kengele ya moto isifanyiwe kazi nyingine yoyote, hata iwe njema vipi, na swichi ya kunyamazisha isiwe mikononi mwa mtu mmoja. Akauliza nimeyajuaje hayo. Nilifungua mdomo, Athumani, nikaishia kukohoa. Akanipa maji, akaenda zake.

Kwa hiyo nakuahidi. Ijumaa hii nimewaomba vijana wa jirani wanichukue hadi Jomvu, kwa machela ikibidi. Watu wakitoka msikitini nitakuwa nimeketi nje, na nitasema mbele yao, Mbaraka akiwepo, kwamba waya zako zilikuwa nzima. Kutoka hapo wanipeleke Changamwe nimwambie yule msimamizi maneno hayo hayo. Nikifa kabla ya Ijumaa, barua hii iko chini ya mto wangu, juu nimeandika jina la Mbaraka, aisome kwa sauti.

Lala salama, ndugu yangu. Acha kutafuta. Nyuma ya betri hapakuwa na kitu, na skrubu zote ulizikaza.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini nimesoma tena nilichoandika, na kule juu nimesema niligeuza swichi bila kutazama paneli. Hata kwako wewe, uliye mchangani, nimesema uongo.

Nilitazama. Kibao cha katani kilikuwa kimeanguka, chekundu, mbele ya macho yangu. Nilizima kengele, kisha nikakirudisha juu kwa kidole, ili paneli iwe tayari ukiinua kofia.