Shati la Kaka Yako

Kitindamimba wangu,

Hatujambo, goti tu linanisumbua. Unataka nihamie kwako mpaka mambo yatulie. Siji.

Tangu kaka yako akamatwe kwenye maandamano, kila asubuhi napita kwenye maduka yaliyoungua, ambako kinyozi wetu ananyolea juu ya majivu, nampelekea kaka yako shati safi kituo cha polisi, narudi na lile chafu. Leo askari kaniambia, "Mama, huyo hatujawahi kumshika."

Nikamwuliza, "Basi shati la jana lilikuwa na jasho la nani, lako?" Wenzake wakaangua kicheko.

Niliogopa, mwanangu, nisikufiche. Lakini nikakaa palepale mlangoni mpaka wakanitolea shati. Lilikuwa bado na joto la mwili.

Kesho nampelekea lile la mistari.

Mama yako, bado nipo