Wamemuua Mame Kipindi cha Kwanza

Nyumba ya akina Kuwamoto,
Sekigane, Kurayoshi,
Mkoa wa Tottori.

18 Novemba, 2025

Mpendwa mdogo wangu Fusae,

Hujambo huko Londrina, na mguu unaendeleaje? Natumaini jua la Brazili linauhurumia, si kama baridi ya huku ilivyokuwa ikiutesa. Shemeji Hideto sukari yake imeshuka? Mwambie aache kujidanganya na kahawa isiyo na sukari huku anakula keki pembeni. Mwanao Marcos aliniletea habari zake kwenye simu, na mimi sina tabia ya kuficha.

Mimi ni mzima. Magoti yananung'unika kwenye ngazi, na daktari amenikataza chumvi, amri ambayo nimeipokea kwa adabu na kuisahau mezani. Mapeasi ya mwaka huu yalitoka makubwa, ila kimbunga cha Septemba kiliangusha safu nzima ya upande wa mto. Kaburi la wazazi nimelisafisha kabla theluji haijaanza. Ndugu yetu Eikichi naye nimempelekea sigara moja pale kaburini, nikaiwasha, ikazimika yenyewe katikati kama alivyokuwa akizizima.

Salamu ndizo hizo. Sasa niruhusu nikasirike, maana tangu Alhamisi iliyopita nimebana meno hadi taya linauma.

Unakumbuka nilikuandikia majira ya kuchipua kwamba kampuni moja ya kuonyesha filamu mtandaoni inataka kuigiza "Wabeba Moto" ya kaka yako kwa watu halisi, si kwa michoro. Nilifurahi, nisikudanganye. Nilipika wali wa maharage mekundu nikamwekea mbele ya picha yake, nikamwambia umekufa miaka mitatu na bado wanakutafuta. Nilijiona mtu muhimu hapa Sekigane. Hata nilinunua koti jipya la kuvaa siku ya uzinduzi, na sasa nikiliona limetundikwa naona aibu.

Najua wewe uliacha kuitazama katuni ile zamani, ati kwa Kireno walimpa Mame sauti ya kuku. Basi nikukumbushe. Watoto watatu yatima wanabeba chungu cha moto kuvuka milima kuurudisha nyumbani kwao. Mkubwa Ibuki, wa kati Goro, wa mwisho dada yao Mame, mfupi, mnene, mwenye mguu mbovu na tonge la wali mkononi. Miaka thelathini na minane imeonyeshwa kila Jumamosi jioni, na kila kipindi kimeishia palepale: wavulana wamekaa juu ya jiwe, wanalinda moto, wanamsubiri Mame afike. Huku, mtu akichelewa kwenye foleni ya basi la shule, watoto bado wanasema, "Mame hajafika." Na dereva anasubiri.

Huhitaji kuambiwa Mame ni nani. Una mguu huohuo.

Alhamisi akaja mtayarishaji, Bwana Tsukuda, yuleyule aliyekuja na mkataba. Mara ile ya kwanza alileta kisanduku kidogo cha halua ya maharage. Safari hii sanduku lilimvuta bega. Nawe unajua desturi ya kwetu, uzito wa sanduku ndio uzito wa kosa. Kabla hajavua viatu nilishajua kuna msiba.

Akafungua kompyuta yake juu ya meza ya joto, ile yenye hita chini yake, akakaa kwa magoti kama mtu anayesubiri hukumu. Nikatazama. Milima mizuri, moto mzuri, wavulana wenye nywele kama manyoya ya jogoo. Mame wao ni binti mwembamba, mzuri, anayekumbuka kuchechemea pale tu kamera inapomtazama miguuni. Dakika ya thelathini na moja, pepo akampiga. Akaanguka kwenye theluji, akatabasamu, akafa. Goro akapiga kelele juu angani, akaapa kulipa kisasi. Muziki. Mwisho.

Nikamuuliza, "Huyu mtoto amekufa?"

"Amekufa, mama. Lakini kwa heshima kubwa."

"Atafufuka?"

"Hapana. Ataonekana onekana kwenye kumbukumbu za Goro. Zile zenye mwanga mwanga."

"Na vipindi viko vingapi?"

"Vinane."

"Sasa hivyo saba vilivyobaki, hao wavulana wanamsubiri nani?"

Akafuta jasho. "Ndiyo hapo, mama. Mtazamaji wa siku hizi hasubiri. Ukimkalisha dakika mbili anabonyeza, anahama. Halafu Goro lazima awe na sababu ya kupigana."

"Sababu alikuwa nayo. Ana dada wa kumfikisha nyumbani."

Akaifunga kompyuta yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto mnene, wa mwisho kwenye kila mbio. Nilimpenda Mame kuliko wote."

"Ukampenda, ukamuua."

"Si mimi, mama. Ni kikao kilichoamua."

"Kikao hakina mikono, kijana. Kuna mtu alishika kalamu."

Fusae, nimeishi miaka themanini na mbili, na sijawahi kutamani kumwagia mgeni chai. Siku hiyo nilikiangalia kikombe mara mbili.

Usije ukaniandikia, "Dada, ni katuni tu." Nakujua. Wewe ni wa kusema haikuuma wakati damu inatoka. Basi acha nikuambie jambo ambalo Eikichi hakukuambia, kwa sababu alikuwa na ulimi wa kuandikia tu, wa kusemea hakuwa nao. Ile asubuhi ya theluji ulipokuwa na miaka sita, alipokuacha nyuma njiani kwenda shule kwa kuwa wenzake walimcheka, ukatumbukia kwenye mfereji, ukakaa mle hadi muuza tofu alipokuona, Eikichi hakuimaliza moyoni maisha yake yote. Hukumsema kwa baba. Ulisema umeteleza peke yako. Ungemsema, angechapwa viboko vyake yakaisha. Ulivyonyamaza ndivyo ulivyomfunga.

Mwaka wa pili wa kitabu chake mhariri alimwambia amtoe yule msichana, anachelewesha hadithi. Nilikuwa pale Tokyo, nimempelekea kachumbari ya figili. Akamjibu bila kuinua kichwa, "Basi hadithi ichelewe." Mhariri akatishia kuifuta. Eikichi akaendelea kuchora jiwe la kukalia. Kila wiki aliketi akakusubiri, mdogo wangu, hadi vidole vikamkakamaa. Hiyo ndiyo radhi aliyokuomba, na wewe uliizima kwa sababu ya sauti ya kuku.

Na sasa waungwana hawa wamemrudisha kwenye theluji, wakamwacha mle, wakaiita heshima.

Nilimpigia Bi Hamuro, aliyempa Mame sauti tangu kipindi cha kwanza. Ana miaka sabini na minne na bado akinong'ona kwenye simu unasikia mtoto. Walimwalika naye kwenye maigizo. Alidhani watampa walau sauti ya moto. Wamempa muuza figili sokoni, sekunde nne, na kati ya hizo mbili amegeuka mgongo. Akaniambia, "Dada Kinuyo, nilijivunia figili zile mpaka jana." Kisha akalia, na mimi nikatukana watu ambao siwajui kwa maneno ambayo kwayo mama angeniosha mdomo.

Lakini nimekuzungusha vya kutosha. Nimemlaani Tsukuda, nimelaani kikao, na kikulacho ki nguoni mwako.

Nilipomwambia Tsukuda kwamba sikubali, nitasimamisha kila kitu, alitoa mkataba kwenye mkoba kwa mikono miwili. Akafungua ukurasa wa ruhusa ya kubadilisha hadithi. Akasema kwa upole kabisa, "Mama, warithi ni wawili, na wote waliridhia. Muhuri wako huu. Na wa dada yako wa Brazili huu hapa."

Ulikuwa pale, mwekundu, mviringo, jina lako. Nilihisi meza ya joto imekuwa barafu.

Unaukumbuka muhuri wenyewe. Baba alituchongea kila mmoja tulipomaliza shule, jina letu wenyewe na si la ukoo, ili utufae hata tukiolewa. Ulipopanda meli mwaka sabini na moja uliuacha kwenye droo ya kabati la chai. Ulisema huko watu husaini kwa kalamu. Tangu hapo nimekuwa nikiupiga mimi. Mtu wa posta akileta kifurushi chenye jina lako, napiga. Hekalu likizungusha orodha ya watoto wa marehemu, napiga wangu, napiga na wako. Chama cha wakulima wa mapeasi, napiga. Nani hapa Sekigane hafanyi hivyo? Muhuri wa mume uko kwa mke, wa mtoto uko kwa mama, na hakuna anayeuliza. Nilikuwa nikiona ni njia ya kukuweka nyumbani.

Kwa hiyo Tsukuda alipokuja na mkataba na kusema panahitajika na muhuri wa dada, sikuwaza hata kukupigia simu. Kwenu kulikuwa usiku. Nilivuta droo, nikahema juu ya muhuri kuupasha joto, nikaupiga mara moja, sawasawa kabisa, bila kusoma ukurasa. Hata nilijisifu kwamba haukupinda. Nilikuwa na haraka ya kwenda kununua koti.

Aliyemuua Mame ana jina, Fusae. Ni mimi. Na nilimuua kwa mkono wako.

Nikamwambia Tsukuda, "Muhuri huo nimeupiga mimi. Mwenyewe hajui lolote."

Akainamisha kichwa haraka. "Mama, hayo sikuyasikia."

"Umeyasikia."

"Tafadhali, mama. Nikiyasikia, wanasheria watayasikia. Kupiga muhuri wa mtu mwingine kwenye mkataba si mchezo. Utaitwa. Mimi nimekuja kunywa chai tu."

Alitaka kunifunika, na nilimchukia zaidi kwa kuwa alikuwa na huruma. Nikayarudia maneno yale kwa sauti ya kumwita mtu shambani, hadi jirani akafungua dirisha. Tsukuda akanyanyuka, miguu imemfa ganzi, akayumba hadi mlangoni. Sanduku lake la halua akaliacha kwa makusudi. Nikalibeba, nikamfuata kwa soksi kwenye kokoto, nikaliweka kwenye kiti cha gari lake. Hilo hahitaji wanasheria kumtafsiria.

Maonyesho yanaanza Aprili. Nimeuliza kwa wakili wa chama cha wakulima, kijana msikivu. Amesema mali ya Eikichi ni yetu sote wawili bila kugawanywa, na ruhusa ya mmoja bila ya mwenzake haisimami. Ina maana neno lako moja linaweza kuwarudisha mezani. Ina maana pia mimi nitajibu kwa nilichofanya. Nimekwisha kumwambia anisaidie nitakapoitwa.

Ndani ya kifurushi hiki utaukuta muhuri wako, nimeufunga kwenye kitambaa cha zambarau cha mama. Umekaa kwangu miaka hamsini na minne ukikubali mambo ambayo hukuulizwa. Nimeweka na nakala ya ukurasa wao wa ruhusa, ambayo haijapigwa muhuri, mahali pa jina lako pako wazi. Usome wote, mwambie Marcos akusaidie maneno ya sheria. Ukiona Mame afe, piga mwenyewe, na mimi sitatia neno. Ukiona asife, nenda ubalozi mdogo wa Japani huko Curitiba, simama mbele ya karani, useme kwamba dada yako Kinuyo Kuwamoto alipiga muhuri wako bila kukuuliza. Taja jina langu lote. Usiseme uliteleza peke yako.

Wasalimie sana shemeji Hideto, Marcos na mkewe, na mjukuu wetu Lívia ambaye mnasema ana kiburi changu. Mwambie kiburi akitunze, ila asome ukurasa kabla ya kukubali. Bi Hamuro anakusalimu kwa ile sauti.

Miungu ya nyumba hii na Mungu mnayemwomba huko wakulinde njiani kwenda Curitiba, na ukiona ni mbali mno kwa mguu wako, wakulinde palepale ulipo.

Wako akupendaye, hata ukiamua kutonijibu,

Dada Kinuyo