Chujio la Ofisi ya Maji

Kwedizinga, Handeni
11 Agosti 2025

Amne,

Umenidhalilisha, ndiyo maana barua hii haina salamu. Salamu nimezikalia. Ukizistahili nitanyanyuka uzichukue.

Jana mtambo wa kuchimba kisima ulipita hapa kwetu, watoto wakaukimbilia na vumbi lake. Haukusimama. Twaha wa bodaboda akaufuata na pikipiki mpaka akaupata. Dereva akamwambia anakwenda kijiji kingine, na kwenye karatasi zake Kwedizinga haimo. Twaha aliporudi na habari hiyo watu hawakumtazama yeye, walinitazama mimi. Si ni mimi niliyesimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema barua yetu isitiliwe shaka, anayezipokea barua pepe za ofisi ya maji pale Korogwe ni mjukuu wangu Amne? Nilisema hivyo mbele ya Salaash na wafugaji wenzake wote.

Na wewe unajua tulivyogombana kabla ya kufika hapo. Sisi tulitaka kisima kwenye mashamba, wao wakitaka malishoni. Mwisho Salaash akatoa pale anapolishia ndama, katikati, kisima kiwe cha wote. Akawahamisha ndama siku ileile. Mtendaji wetu Meshaki akayaandika makubaliano, akayatuma kwenu kwa simu yake. Toka hapo, kimya. Sasa Salaash anasema wakulima tumeizuia barua kupitia kwako ili kisima kirudi mashambani. Mimi Chausiku naitwa mjanja, na anayeniita hivyo ndama wake wako kwenye miba kwa sababu ya neno langu.

Usinipigie simu. Kwenye simu unaongea mbiombio ukidhani sifuati, halafu unaniambia mtandao umekata. Kuandika nilijifunza ukubwani, usiku, na ujauzito wa baba yako Mwinjuma tumboni, na sikujifunza ili niandike jina tu. Jibu kwa karatasi, umpe Twaha.

Itafute barua hiyo.

Bibi yako

*

Kwamndolwa, Korogwe
14 Agosti 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na goti linakusikiliza. Huku sijambo, kazi inaendelea, ila barua yako imenikosesha usingizi.

Bibi, nimetafuta. Barua ya Kwedizinga haijafika. Nimeangalia zilizoingia, nimeangalia na pale zinapotupwa barua za matapeli, haimo. Na kompyuta yetu sasa hivi ni nzuri kuliko zamani. Mwezi wa sita niliongeza kitu kwenye chujio la barua, nyongeza mpya, kwa sababu matapeli walituzidi: mara umeshinda zawadi, mara mganga anakuita. Tangu niiweke ofisi imetulia, hata bosi wangu Julius alinisifu mbele ya watu.

Nadhani Meshaki alikosea anwani. Herufi moja tu ikikosewa barua haifiki. Mwambie aangalie, halafu atume tena. Orodha ya vijiji vya awamu hii inafungwa mwanzoni mwa Septemba.

Nisalimie wote nyumbani.

Mjukuu wako, Amne

*

Kwedizinga
18 Agosti 2025

Amne,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili nione kama ni mjukuu wangu anayesema au ni ofisi.

Nilikwenda na barua yako mkononi mpaka kwa Meshaki. Nikamwambia, mjukuu wangu anasema umekosea anwani. Yule kijana hakukasirika. Akatoa simu, akatoa na bango lenu lenye anwani, alilolibandua zahanati, akaniwekea viwili hivyo ubavu kwa ubavu. Nilizifuata herufi kwa kidole, moja baada ya moja. Zinafanana. Alituma mara mbili, na kila mara simu ikasema imekwenda. Salaash alikuwa amekaa benchini akitusikiliza. Alipoona nimemaliza akasema, "Mama Mwinjuma, basi barua imefika. Aliyebaki ni mjukuu wako."

Tumeituma tena palepale, mbele yangu na mbele yake. Sasa usinieleze uzuri wa kompyuta. Kitu ukikiona kimetulia sana, kiangalie mara ya pili. Mtoto akinyamaza jikoni kuna sukari inaliwa. Unasema tangu uweke hiyo nyongeza hamsumbuliwi. Na sisi tangu mwezi wa sita hatusikiwi. Anza hapo.

Salaash amesema ndama anawarudisha mwisho wa mwezi. Wakirudi kwa hasira, mwaka huu hatutakaa tena kikao kimoja na wale watu. Fanya kazi.

Bibi yako

*

Kwamndolwa
22 Agosti 2025

Bibi yangu,

Shikamoo tena, na naomba usiichane kabla ya kufika chini.

Imeonekana. Ile nyongeza ina stoo yake peke yake, mbali na pale barua taka zinapotupwa siku zote. Mimi sikujua. Nimeifungua nikakuta barua za Kwedizinga, zote tatu, na za watu wengine wengi. Nimekaa nikazitazama mpaka mfagizi akaniuliza kama kuna msiba.

Kwanza niliizima nyongeza nzima. Barua zikaingia, na matapeli nao wakaingia kwa fujo. Kabla ya saa sita Julius alikuwa ameshaanza kumjibu mtu aliyejifanya mkubwa wetu kutoka mkoani. Nikaiwasha tena. Halafu nikajaribu kwa barua yenu. Niliituma kama ilivyo, ikafungiwa. Nikatoa jina la kijiji, ikafungiwa. Nikatoa neno maji, ikafungiwa. Nikatoa salamu za mwanzoni, zile za hali na afya na nyumba na mifugo, ikapita.

Bibi, mimi ndiye niliyeifundisha hivyo. Nilipoiweka ilitaka mifano ya barua mbaya na nzuri. Za ofisini nikaipa kama nzuri, na zile hazina salamu, zinaanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu". Za matapeli nikaipa kama mbaya, na wote wanaanza kwa kukuuliza hali na kuwaombea wazazi wako. Ikashika kwamba anayesalimu anataka kuiba. Kila mtu wa kijijini anayetuandikia anasalimu.

Kuifundisha upya kunataka barua nyingi za watu wa kweli, na hizi nilizonazo hazitoshi. Kwa haraka naona Meshaki atume tena bila salamu, aseme shida tu. Na vijiji vingine nitawatangazia hivyo hivyo.

Nisamehe. Julius sijamwambia bado.

Mjukuu wako, Amne

*

Kwedizinga
25 Agosti 2025

Amne, mke mwenzangu,

Hujambo? Umelala? Umekula, au ni chai tu na maandazi ya stendi? Huku hatujambo, baba yako Mwinjuma anakohoa kidogo, mbuzi mweupe amezaa. Hizo ndizo salamu zako, nimenyanyuka, zichukue. Umesema kweli bila kuzunguka, na hilo nimelipenda.

Lililobaki silipendi. Ati watu waache salamu. Nyie mmekosea kujenga mlango, halafu mnataka wageni waingie kwa dirisha? Mzee wa miaka yake aje kuomba maji ofisini aanze na shida kama mtu anayefukuzwa? Sikumlea baba yako hivyo, na sitamwambia Salaash aongee hivyo ili kompyuta imwelewe. Rekebisha mashine. Watu hawajaharibika.

Unataka barua za watu wa kweli. Haya, tumekuandikia. Jana nimeita watu kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji, nikasema kila mwenye simu aitoe, na asiyejua kuandika aseme, Meshaki ataandika. Walicheka. Twaha akauliza kama kompyuta nayo inataka kuamkiwa. Nikamwambia ndiyo, na wewe anza. Jirani yangu Tatu alisalimu vizuri, kisha akaunganisha mashtaka ya mkwewe, Meshaki akataka kuyakata, nikamzuia. Mtu wa kweli ndivyo anavyoandika. Nasieku, mke wa Salaash, aliuliza hali za ng'ombe wa ofisi. Aliambiwa ofisi haina ng'ombe, akasema basi andika pole.

Salaash alikataa. Alisimama pembeni na fimbo yake, akasema ameshasalimu kwenye barua ya kwanza na hakuitikiwa, mtu hasalimu ukuta mara mbili. Sikumlazimisha. Lakini watu walipokwisha alimwendea Meshaki akanong'ona, na Meshaki akaandika kirefu. Sijui kilichomo. Wewe unakijua, na usiniambie.

Zote zimetumwa. Zifundishie. Halafu angalia humo stooni nani mwingine alifungiwa pamoja na sisi. Umesema wengi, ukapita kama huwajui. Nataka kuwajua.

Na Julius aambiwe kabla hajajigundulia mwenyewe.

Bibi yako, mke mwenzako

*

Kwamndolwa
29 Agosti 2025

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Mpe baba pole ya kikohozi, na mbuzi hongera.

Barua zimenifikia, na kwanza zote zilifungiwa, hata ya Nasieku. Nilizitoa moja moja nikiiambia mashine hii si taka, na hii si taka. Siku ya pili ikaanza kusitasita. Leo nimetuma barua yenu ya kwanza kama Meshaki alivyoiandika, na salamu zake zote mpaka za kuku, ikaingia moja kwa moja. Nikatuma ya tapeli, ikafungiwa. Nimerudia mpaka nimeamini. Na kuanzia sasa ile stoo naifungua kwa mkono wangu kila asubuhi, iwe imetulia au haijatulia.

Sasa lile uliloniuliza. Vijiji vingine vyote vilivyofungiwa vinaomba kurekebishiwa pampu, hivyo nimeviingiza kwenye zamu na havina shida. Kijiji kinachoomba kuchimbiwa ni kimoja tu zaidi yenu, Kwedisaka. Barua yao iliandikwa na mwenyekiti wao, mama mmoja anaitwa Maryamu. Amesalimu, ametupa pole na kazi, kisha anasema watoto wao wanachota lamboni ng'ombe wakiwa ndani. Aliituma kabla ya yenu.

Nafasi iliyobaki awamu hii ni moja. Nyingine ni mpaka mvua za vuli ziishe.

Nilimwambia Julius. Alifoka, kisha akafunga mlango akasema kwa upole, "Weka Kwedizinga, umwokoe na bibi yako. Hawa wengine hawajui kama barua yao ilifika." Anasema tukiwataja Kwedisaka itabidi aandike mkoani kwamba tulifungia barua za wananchi, na nyongeza niliiweka mimi bila kumwuliza. Mkataba wangu unaisha Desemba, Bibi. Orodha inasainiwa Jumanne mchana.

Najua Salaash amesema mwisho wa mwezi. Najua ulisimama kwenye mkutano kwa jina langu. Nikiandika Kwedizinga hakuna atakayeuliza. Niambie nifanye nini, na chochote utakachosema nitakifanya.

Mjukuu wako, Amne

*

Kwedizinga
1 Septemba 2025

Amne,

Hujambo mwanangu. Mimi nimeamka na goti, lakini nimeamka. Twaha nimemwambia asipite popote, akupe barua hii jioni hii hii.

Yako ilifika jana asubuhi. Sikukaa nayo. Nilichukua mkongojo nikaenda kwa Salaash kwa miguu, kwa sababu ningemwita aje kwangu ningepata muda wa kubadili maneno. Nilimkuta anaziba ua wa ndama. Nikamwambia barua ilifika, ilifungiwa na mashine, na aliyeifundisha mashine ni mjukuu wangu. Haikuzuiwa kwa ajili ya mashamba. Nikamwambia nafasi imebaki moja na kuna wenzetu waliotangulia.

Akaendelea kuziba. Kisha akasema, "Ungeweza kuninyamazia, Mama Mwinjuma."

Nikasema ningeweza.

Akauliza kama hao Kwedisaka wana ng'ombe. Nikasema wanao, wanakunywa na watoto. Akatikisa kichwa, akatupa miba mingine juu ya ua. Ndama wake atawarudisha pale katikati leo, kwa sababu majani yapo na wana njaa, ila mtambo ukija baada ya vuli atawatoa tena. Eneo ni lile lile. Hilo alilisema mbele ya Nasieku, kwa hiyo limesemwa.

Si wote waliopokea hivyo. Tatu hanisemeshi, anasema nimegawa maji ya kijiji kama uji wangu. Asinisemeshe. Tutabeba ndoo pamoja mpaka vuli, na ndoo ikishamlemea atanisemesha mwenyewe ili nimsaidie kujitwika.

Kuhusu mkataba, nakuambia mapema: wakikufukuza, chumba chako kipo na jembe lako ninalo. Sitakuonea huruma ukija, utalima. Lakini ukibaki kwenye kiti hicho kwa kuificha barua ya yule mama, usije hata Idi.

Sasa nisikilize. Kwenye orodha andika Kwedisaka, Kwedizinga ifuate ya awamu ijayo, kama barua zilivyotumwa. Mpe Julius mkononi umtazame usoni. Ya mkoani mwandikie wewe, usimwachie. Jumamosi upande gari uje hapa, usimame pale niliposimama mimi, uwaeleze watu wewe mwenyewe.

Na kesho, kabla hujaigusa kompyuta, mtafute Maryamu wa Kwedisaka kwa simu. Usimwandikie, aisikie sauti yako. Mwambie barua yake ilifika, na nani aliifungia. Halafu mwambie wafyeke njia, mtambo unakuja kwao.

Bibi yako