Mzinga wa Bustani ya Manispaa

Shoga, uko wapi? Naandika mbiombio, nivumilie nikikosea herufi.

Unaujua ule mzinga wa kale pale bustanini? Leo bosi kanituma nisome namba yake, tujue ni wa vita gani. Namba yenyewe imezikwa chini ya rangi. Kila mwaka manispaa tunapaka juu ya rangi ya mwaka jana, hakuna anayekwangua. Basi nikachukua patasi na nyundo. NYUNDO, shoga! Nagonga ko ko ko.

Akapita mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu. Akamulika mdomo wa mzinga kwa tochi ya simu. Akaniambia polepole, kama anambembeleza mtoto:

"Mwanangu, weka hiyo nyundo chini. Usiitupe. Iweke."

Mimi nacheka! "Kwani vipi, baba?"

"Kombora limo ndani."

Limo ndani! Miaka yote hiyo!

Sasa polisi wamefunga barabara, wategua mabomu wameingia. Bosi anauliza nani aliandika kile kibao cha pale kwenye mzinga, cha "Watoto ruksa kupanda".

Ni mimi.

Na Jumapili ile nilimpandisha mwanao, nikamwambia arukeruke nimpige picha.