Kiuno cha Godelive

Jumatatu, 3 mwezi wa tatu
Cherehani tangu asubuhi. Sare sita za wamama wa kwaya. Nimempima Godelive, mke wa mwanangu, mara ya tatu tangu Noeli. Kiuno kimeongezeka santimita saba. Miaka minne ya ndoa, hatimaye! Nikamtania: "Mutoto wangu, tumbo iko inasema yenyewe." Akacheka kidogo. Hakusema ndiyo. Mimi nikasikia ndiyo.

Jumapili, 9
Nimewatangazia wamama baada ya misa: Godelive ana mimba. Hakuna aliyeniuliza. Nauza zipu, mdomo wangu hauna hata moja. Vigelegele mtaa wetu wote wa Katuba. Godelive akaangalia viatu vyake. Gauni la mimba nimeshalishona, kitenge cha njano.

Jumatano, 12
Amekuja peke yake. "Mama, mimba haiko. Kila mwezi niko natoka damu siku kumi, maumivu haiishe. Uliwaambia bantu, nikakosa namna ya kusema."
Haya imenishika hadi masikio.

Ijumaa, 14
Tumeenda kwa daktari, akampiga ekografi, picha ya tumbo. Adenomiozi. Nyama ya ndani ya kizazi imeota katika ukuta wake, kizazi kimevimba. Ndizo zile santimita saba nilizozipigia kelele. Daktari hakuficha: mimba inaweza kuchelewa, ikishika inaweza kutoka, au mtoto kuja kabla ya wakati. Ila wapo wanaozaa salama. Kuna dawa, na akipata mimba afuatiliwe kwa karibu.
Mimi pia nilitoka damu hivyo, miaka mingi. Mimba mbili zilitoka kabla ya mwanangu huyu mmoja. Watu niliwaambia malaria. Sikupimwa, sijui ilikuwa nini. Leo Godelive amelia pembeni yangu na bado nimenyamaza. Mama mzima, mwoga mzima.

Jumapili, 16
Baada ya misa nimesema: nilikosea, hana mimba. Mama Astrida wa kwaya: "Fundi, santimetre yako ya kupimia ililewa?" Wakacheka. Nikacheka nao. Afadhali wanicheke mimi.

Jumamosi, 22
Tumefumua gauni la njano, Godelive akichomoa nyuzi. Nikamwambia zile mimba zangu mbili zilizotoka. Hakuinua kichwa. Akasogeza kiti chake karibu.
Kitenge kimekuwa sketi ya lastiki, isiyobana. Nimempima tena. Kipimo nimekiandika kwenye kikaratasi, nikampa yeye.