Mvua ya Daftarini

Mwanangu mpenzi,

Salamu za baba yako, za shangazi yako ambaye miguu bado inamsumbua, na za dada yako fundi cherehani na mtoto wake Kibonge aliyeota meno mawili. Sote tunapumua. Ng'ombe wa mwisho alikufa Jumanne. Sikulia, nilifagia tu uwanja.

Kubwa ni baba yako. Unajua bado anawapimia mvua watu wa hali ya hewa. Walimweleza kwamba mawingu yetu yanaanzia huko uliko, kwenye msitu wenu: miti inatoa unyevu, upepo unauleta huku. Basi ulipoandika kwamba huko inanyesha kila siku, akasema, "Ikinyesha kwa mwanangu, kesho iko kwetu."

Haikuja. Juzi nimemkuta anamimina maji ya birika kwenye kipimo cha mvua, halafu anaandika daftarini.

"Mzee, unafanya nini?"

"Mama watoto, nimeitanguliza tu. Iko njiani."

Kumbe haikuwa mara ya kwanza: daftari lake analowapelekea wale watu linasema tumepata mvua miezi miwili, na kwa hiyo kijiji kimeachwa kwenye orodha ya mahindi ya msaada. Majirani hawajui sababu. Nawasalimia, napita.

Dereva wa lori aliyetoka huko anasema msitu umekatwa, ni vumbi tupu. Kama uliandika vile kututuliza moyo, sikulaumu. Lakini mwandikie baba yako ukweli, kwa mkono wako, maana mimi hanisikii. Orodha nyingine inaandikwa mwisho wa mwezi. Usikawie kujibu.

Ni mimi mama yako